Nilisikia Banda

Kabla ya kuwa nyumba yetu, lile gari lilikuwa la mkate. Mume wangu alilipata kwa mwoka mikate wa Kisumu aliyeacha kazi, akang'oa rafu zote, akaweka kitanda, sinki, jiko la gesi na kabati la vitabu vyangu. Dirisha alilikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, siku nzima, mimi nikiwa nje nimeziba masikio. Lilikuwa lori la Kenta, refu na zito, na harufu ya hamira haikulitoka kamwe. Kila tuliposimama sokoni, mtu alikuja kugonga ubavuni: "Mko na mkate wa siagi?" Mume wangu alipenda kujibu kwamba umeisha sasa hivi. Mimi nilipenda kuingia ndani na kufunga mlango.

Wikendi ile tulikuwa tunakwenda kwa rafiki yangu. Nilisoma naye chuo kikuu pale Kabianga, miaka minne chumba kimoja, kitanda changu chini, chake juu. Tulipomaliza, mimi niliolewa upande wa ziwa. Yeye aliolewa milimani, upande wa Bomet, kwa mwanamume aliyefanya kazi mbali na kurudi mwisho wa mwezi, na kwa mama mkwe ambaye mimi nilimjua kwa sauti ya simu tu. Shahada yake, kama yangu, haikumpa kazi. Kijijini wakamwita Digrii, na hawakumwita hivyo kwa sifa. Walisema vidole vyake vimezoea kalamu, haviwezi kutofautisha chipukizi na jani kuukuu.

Kwa miezi mingi alichuma chai ya mama mkwe, na yote ikapimwa kwa namba ya mama mkwe. Kule kwenye mizani karani haulizi jina, anauliza namba. Namba ya mkulima ndiyo mtu mwenyewe. Kisha, mwaka huu, mama mkwe akamkatia mistari kadhaa ya chai chini ya nyumba, akampeleka akasajiliwe, akapata namba yake. Jumamosi ile ndiyo siku ambayo majani yake ya kwanza yangepimwa.

"Njoo unione," aliniambia kwenye simu. "Nataka shahidi asiye wa huku."

"Na kama yakikataliwa?"

"Mama amesema ataangalia kwanza mwanzo wangu ukoje. Kuna ndugu za mume wangu wanaotaka hicho kipande. Yakikataliwa siku ya kwanza, watasema namba irudi nyumbani kwa wenyewe. Lori la kiwanda linapita saa tisa. Usichelewe."

Nilianza kuogopa tangu hapo. Mimi ni mtu wa kuogopa mapema, kama wengine wanavyolipa mapema.

Tuliondoka Kisumu Ijumaa baada ya chakula cha mchana, tukapandia upande wa Sigowet, ambako mume wangu alisimama kununua mananasi na kubishana na muuzaji kuhusu lipi limeiva, kwa kuyapiga vidole na kuyasikiliza kama daktari. Mimi nilikaa kitini nikiangalia saa ya dashibodi, ingawa tulikuwa na siku nzima mbele. Halafu hewa ikaanza kupoa, sikio langu moja likaziba, na chai ikatokea.

Nimejaribu mara nyingi kuandika juu ya chai ya Kericho na nimeshindwa, kwa sababu haina pa kushika. Mashamba makubwa yamekatwa usawa mmoja hadi macho yanatafuta kosa na kulikosa. Inakwenda mpaka kwenye mikaratusi, inapita nyuma ya mikaratusi, inapanda kilima kingine. Mtu mwenye wasiwasi hapati nafuu mbele ya kitu kikamilifu namna ile. Anajiona yeye ndiye doa.

Mume wangu alizaliwa humo. Watu wake walitoka ziwani kuja kufanya kazi za mashamba, na baba yake alikuwa fundi wa mitambo kiwandani hadi alipostaafu. Alisimamisha gari kando ya barabara akanionyesha kambi walikoishi, safu za nyumba nyeupe zenye paa la kijani, karibu nusu yake zimefungwa. "Mashine za kuchumia zimekuja," alisema. "Watu wamerudi kwao." Alikaa akiitazama nyumba moja ambayo mlango wake ulikuwa wazi na pazia la maua likipepea. Nilitaka kumwambia twende, mvua inakuja. Sikusema. Mvua ikaja.

Tulilala Kabianga, uani kwa familia ambayo zamani ilituuzia maziwa, mimi na rafiki yangu, tukiwa wanafunzi. Asubuhi nilimtembeza mume wangu chuoni: bweni letu, dirisha la chumba chetu, ukuta ambao tulikuwa tukikaa kuota jua na kusomeana kurasa tulizoandika. Yeye alipiga picha kila kitu, hata pipa la taka. Saa tano nilimwambia twende. Saa tano na nusu alikuwa bado anaongea na mlinzi wa lango juu ya matairi.

"Mbona una haraka? Lori ni la saa tisa."

"Na mvua?"

"Mvua nayo ni ya saa nane. Tutakuwa tumefika."

Tulipokuwa tumeiacha Kabianga nyuma, nilipiga simu ili nielekezwe. Rafiki yangu alikuwa ndani ya chai. Simu ikapokewa na mama mkwe.

"Chamgei," alisema.

"Chamgei mising, Mama," nikajibu, nikijisikia mjuzi. Hizo ndizo salamu zao na jibu lake, na nilikuwa sijazisahau.

Alinielekeza kwa Kiswahili cha polepole, kila neno limekaa peke yake. Tukitoka kwenye lami tufuate barabara ya udongo, tupite shule, tupite kanisa. "Mkifika panda, mpinde kushoto. Msiipite panda. Mkiipita mtajuta."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikamwambia mume wangu: "Tukifika banda, kushoto."

"Nimesikia kwa spika. Amesema panda."

"Watu wa huku p na b zao hubadilishana. Nimekaa nao miaka minne. Mwenye duka wetu alikuwa ananiuliza kama nataka piskuti. Ni banda. Banda la chai, pale wanapopimia majani. Huku kila mtu anaelekeza kwa mabanda."

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye mwenye shahada ya lugha."

Tulipita shule. Tulipita kanisa. Mbele kidogo barabara iligawanyika njia mbili kama suruali, njia moja ya kushoto ikipanda taratibu katikati ya mahindi na migomba. Niliiona. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba niliiona ile njia panda vizuri, nikafikiri ni mahali pazuri, na nikamwambia aendelee.

Banda lilikuwa karibu kilomita moja baadaye: nguzo za mbao, paa la mabati, benchi za mbao kuzunguka ndani, na wanawake kama kumi na tano wakisubiri na magunia yao ya majani mabichi. Kushoto kwake barabara nyembamba ilishuka kwa ghafla. Tulipokunja kona, wanawake walisimama wakainua mikono. Niliwapungia. Wakazidi kuinua. Nikazidi kupunga.

Hatukufika mbali. Udongo ule, ukilowa kama ulivyolowa kwa mvua ya jana, huwa kama sabuni. Nilihisi nyuma ya gari ikienda upande wake yenyewe, polepole, bila kelele, kisha sufuria zote zikaanguka pamoja na nyumba yetu ikalala nusu ndani ya mtaro, pua ikiwa imekingama barabara yote. Mume wangu alizima injini. Nanasi moja liliviringika kutoka nyuma likaja kusimama kwenye kiatu changu.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache.

Wanawake walishuka wakishikana mikono wasiteleze. "Mkate umefika," alisema mmoja, na wengine wakacheka, si kwa ubaya.

"Mnaenda wapi na nyumba?" aliuliza mzee mmoja mwenye koti la mvua.

Sikutaka kutaja Digrii. "Kwa Mwalimu," nilisema, kwa kuwa nilijua kijiji kizima humwita mama mkwe hivyo.

"Kwa Mwalimu mmeshapita. Ni kule nyuma, kwa njia panda."

Nikaonyesha mbele, bila kumtazama mume wangu. "Na huku chini kuna nini?"

"Kuna banda lingine. Halafu kuna mto. Halafu hakuna kitu, barabara imeisha."

"Basi hatuzuii mtu," alisema mume wangu, akijaribu kutabasamu.

Mzee aliangalia chini ya mlima. "Mnazuia lori," alisema. "Liliingia huko saa saba."

Hakuna aliyecheka tena.

Rafiki yangu alikuwa ameshafika bandani kabla yetu. Alishuka mbio, kikapu bado mgongoni, viatu vya mpira miguuni, vidole vyote vyeusi kwa utomvu wa majani. Alikuwa amekonda, na amekuwa mzuri zaidi. Tulikumbatiana kwa nguvu, na katikati ya kumbatio nikahisi kichwa chake kikigeuka begani mwangu, kikiangalia gari.

"Umefika," alisema. "Umefika kabisa."

"Una magunia mangapi?"

"Matatu. Nimechuma tangu giza halijaisha. Ni mazuri. Utayaona." Halafu akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya sukari, kwamba majani yakishachumwa hayakai. Yakibanwa yanapata moto yenyewe kwa ndani, yanageuka mekundu, na karani anayajua kwa kuingiza mkono tu. "Kwa hivyo tulitoe hili gari," alisema.

Honi ya lori ilianza kulia kule chini. Dereva akapanda kwa miguu pamoja na karani, kijana mwenye kofia ya sufu na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nani ameegesha nyumba hapa?"

"Mimi," alisema mume wangu.

Karani alizunguka gari mara moja. "Lori langu limeshabeba majani ya huko chini. Sipimi jani hata moja la banda hili mpaka njia ifunguke. Yakiungua juu ya lori nitaulizwa mimi, si nyinyi."

"Tupe saa moja."

"Sina saa. Lakini chukueni."

Walikata matawi, wakaleta mawe, wakaleta kamba ya ng'ombe. Gari halikusogea. Mume wangu alijipangusa uso, akanitazama kwa namna ya mtu anayeomba radhi mapema. "Ni zito sana. Tutoe vitu."

Kwa hiyo nyumba yangu ikatolewa nje mbele ya watu. Meza ilitoka, na mtungi wa gesi, na ndoo, na kamba yenye chupi zangu mbili ambazo nilikuwa nimezianika Kabianga na kuzisahau. Mama mmoja mzee alifunga vitabu vyangu kwa mkanda wa kubebea kuni, akavipandisha mlimani kwa mgongo, mkanda kwenye paji la uso.

"Hivi vyote umesoma?" aliniuliza.

"Vingine bado, Mama."

"Maliza. Ni vizito."

Ndipo mvua ilipoanza, matone makubwa yaliyoachana, kisha yote kwa pamoja. Mume wangu na rafiki yangu walibaki chini wakisukuma. Mimi nilitumwa juu bandani kupokea vitu visilowe. Niliingia na godoro letu kichwani, nikipapasa kwa miguu. Sakafu ilikuwa tope. Benchi zote zilijaa magunia ya watu. Kwenye kona moja tu, kwenye jukwaa pana la mbao, palikuwa na magunia matatu yaliyowekwa yakiachana, midomo wazi, kila moja na nafasi yake, kama watu wasiojuana. Nikaona nafasi inapotea bure. Niliyasukuma yakakaribiana, nikakunja midomo yake ili maji yasiingie, nikaweka godoro juu yake. Juu ya godoro nikaweka blanketi. Mama mzee akaja akatua vitabu hapo hapo. Niliona nimefanya jambo la busara. Nilikuwa na furaha ndogo, ya kwanza siku nzima, ya kuona kitanda changu kikavu.

Mume wangu angejua. Mtoto wa kambini angeyatoa yale magunia kwa mayowe. Lakini alikuwa ndani ya mtaro, tope hadi magotini, na honi ya lori ikilia kila baada ya dakika mbili.

Saa tisa ikapita. Nilisimama kwenye ukingo wa banda nikihesabu pumzi zangu. Wanawake wengine waligeuza majani yao kwa mikono mara kwa mara, wakiyapepeta, wakinong'ona kwa Kipsigis. Nilisikia neno Digrii mara mbili. Nilidhani wanamsema kwa sababu yetu, na ni kweli, lakini nilikuwa sijaelewa ni kwa sababu ipi kati ya sababu zetu.

Karibu saa kumi, mwavuli mweusi ukaja kwenye barabara ya juu. Chini yake alikuwa mama mrefu, viatu vya mpira, skafu iliyofungwa vizuri. Watu walimpisha. Alisimama mbele yangu.

"Wewe ndiye wa simu."

"Ndiyo, Mama. Chamgei."

"Nilikuambia mpinde wapi?"

"Nilisikia banda, Mama."

Mvua ilipiga mabati. "Mimi nimefundisha Kiswahili darasa la tatu na la nne mpaka nikastaafu," alisema. "Nilisema panda." Aliitoa ile p kwa midomo miwili, safi, ikanifikia usoni kama pumzi ya kuzimia mshumaa.

"Mwalimu, mpe aandike mara mia," alisema mtu nyuma, na banda zima likacheka. Nami nikacheka, kwa kukosa la kufanya.

Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa yamehama. "Majani ya mke wa kijana wangu yako wapi?"

Wakati ule ule nami nilikuwa ninajiuliza hivyo, na macho yangu yakaenda yenyewe kwenye godoro. Mwalimu alifunga mwavuli. Alikwenda kwenye kona, akainua pembe ya godoro, akaingiza mkono katikati ya gunia hadi kwenye kiwiko. Akautoa polepole. Hakunisema. Aligeuka kuelekea barabarani akaita kwa Kipsigis, bila kupaza, neno moja au mawili, na rafiki yangu akapanda mbio, tope usoni.

Naye akaingiza mkono.

"Nani ameweka hivi?"

"Mimi," nilisema. "Sikujua ni yako. Sikujua."

Hakuniangalia. "Yameanza," alisema. "Lete shuka."

Tulitandaza shuka zangu zote juu ya lile jukwaa na kwenye kipande cha sakafu kilichokuwa kikavu zaidi, tukamwaga majani. Mvuke ulipanda. Harufu yake ilikuwa tamu, kama matunda yaliyosahauliwa kwenye mfuko, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, kwamba kitu kinachoharibika kinaweza kunukia vizuri hivyo. Majani ya juu na ya pembeni yalikuwa bado ya kijani, yakiteleza na kung'aa. Ya katikati yalikuwa na ukingo wa rangi ya shaba.

"Nisamehe," nilimwambia.

"Geuza."

Niligeuza. Tuligeuza kwa vidole vilivyopanuliwa, tukiyarusha juu kidogo ili hewa ipite. Mwalimu alisimama kando, mikono imefungwa kifuani. Mwanamke mmoja alitaka kuja kutusaidia, naye akamzuia kwa kichwa. "Ni namba yake," alisema. "Mwacheni." Nikamwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu. Nilifikiri: anaangalia mwanzo. Huu ndio mwanzo anaouangalia.

Chini kukatokea kelele, watu wakihesabu kwa pamoja, kisha ngurumo, kisha vigelegele. Gari letu lilipanda likitapika moshi, uso wa mume wangu dirishani ukiwa umesawijika kwa uchovu. Lori lilifuata nyuma yake. Karani akaruka chini, akatundika mizani kwenye ndoano ya banda, akatoa kitabu chake kwenye plastiki.

Wengine walipimwa kwanza. Namba, gunia, namba, gunia. Rafiki yangu alikuwa anarudisha majani kwenye magunia kwa haraka, na hapo mwanamke aliyekuwa karibu naye, jirani, akainama akamwambia kwa Kiswahili, labda ili nami nielewe: "Yale mekundu weka katikati. Huyu kijana amechelewa, hataingiza mkono mpaka ndani."

Rafiki yangu alisimama na majani mikononi.

Nitasema ukweli: nilitaka ayafiche. Niliomba kimoyomoyo ayafiche. Kosa lilikuwa langu, na kama lingepita mizani bila kuonekana, basi lisingekuwa limetokea. Nilimwangalia Mwalimu. Mwalimu alikuwa anaangalia mvua, kwa makusudi, kama mwalimu anayegeukia ubao ili aone darasa litafanya nini.

Rafiki yangu alipiga magoti. Akaanza kuchambua. Ya kijani guniani, ya shaba kwenye shuka. Hakufanya haraka, ingawa karani alishaanza kuita, "Nani mwingine? Nani mwingine?" Nilipiga magoti upande wa pili, nikachambua nami, macho yakiniwasha, nikimwuliza kwa kila jani nililotilia shaka, naye akijibu kwa kidevu, hili ndiyo, hili hapana. Magunia matatu yakawa gunia moja na nusu. Kwenye shuka likabaki lundo.

Karani alikuja. Aliliangalia lundo, akaiangalia shuka yenye maua, akaamua kutouliza. Aliingiza mkono kwenye gunia la kwanza mpaka begani. Akafumba macho kidogo. Alitoa konzi, akainusa, akatupa majani mawili magumu.

"Hili lina joto kwa mbali."

Nilisikia maji yakishuka kwenye mabati. Karani aliingiza mkono tena, mahali pengine. Akautoa. Akaliinua gunia akalitundika kwenye ndoano, na lile la nusu juu yake.

"Namba?"

Rafiki yangu alitaja namba. Ilimtoka yote kwa mkupuo, kama alivyoitaja siku zote za miezi ile mingi. Karani akainamisha kalamu.

"Hiyo ni yangu," alisema Mwalimu.

Kalamu ikasimama.

"Sema yako."

Rafiki yangu alifungua mdomo. Namba haikuja. Aliangalia kiganja chake, na nikaelewa kwamba alikuwa ameiandika hapo asubuhi, na kwamba sasa hapakuonekana ila weusi wa utomvu na tope. Karani aliangalia lori, akaangalia saa. Mwalimu hakusogea. Angeweza kumtajia, alikuwa amekwenda naye kusajili, alikuwa ameiona ikiandikwa. Alisimama tu, akimngoja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba vidole vyake, vilivyofungwa kwenye mpini wa mwavuli, vilikuwa vinabana hadi kucha zimebadilika rangi.

Rafiki yangu akafumba macho. Akaanza, tarakimu moja, akanyamaza, ya pili. Katikati alirudi nyuma akasahihisha. Alipofika ya mwisho aliirudia yote tangu mwanzo, sauti ikipanda, hadi mama mzee aliyebeba vitabu vyangu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza sala.

Karani akaandika.

"Yale mengine yatupwe," alisema, akielekeza kalamu kwenye lundo, kisha akaenda zake. Lori likaondoka likiyumba. Watu wakajifunika magunia matupu kichwani, wakaanza kutawanyika. Rafiki yangu alibaki amekaa kwenye benchi, mikono juu ya mapaja, anapumua. Nilitaka kwenda kukaa naye na sikuthubutu.

Mwalimu alikuja upande wangu. Aliinama akashika pembe mbili za shuka, akaniangalia mpaka nikaelewa, nikashika zile zingine mbili. Lundo lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na bado lilikuwa na joto lililopita kitambaa likanifikia tumboni. Tukatoka nalo hivyo mvuani, yeye mbele akirudi kinyumenyume, mimi nyuma, nikiangalia miguu yake asije akateleza, hadi kwenye mistari ya kwanza ya chai ya mtu, ambapo alimwomba mwenyewe kwa sauti ruhusa ya kuyamwaga majani yawe mbolea, naye akaitika kutoka barabarani.

"Inua," alisema Mwalimu.

Nikainua.